Umechelewa kuijua God of War? Mashine ya kununua ukiwa Dodoma, kuanzia ninayoipendekeza

Enzi za shule, mwenye banda la gemu mtaani kwetu Chang'ombe alikuwa na diski moja ya God of War, na hakumwekea mteja hata siku moja. Banda linaishi kwa mechi za mpira: unalipa, unacheza, unafungwa, unampisha mwenzio. Gemu ya kupanda majabali na kupigana na majitu haiuziki kwa mechi. Aliicheza mwenyewe usiku akishafunga, sisi tukichungulia kwenye matundu ya mabati. Leo nina mshahara na TV yangu, na ndiyo kwanza nimeicheza toka mwanzo.

Kama na wewe umechelewa, usianze kwa kuulizia gemu. Ulizia mashine, maana hadithi ya Kratos, shujaa wa gemu hii, imetawanyika kwenye mashine za PlayStation (PS) za Sony, ikianzia Ugiriki ya kale. Ya kwanza (2005) na ya pili (2007) zilitoka PS2. Chains of Olympus (2008) na Ghost of Sparta (2010) zilikuwa za PSP, ile ya mkononi. Ya tatu (2010) na Ascension (2013) ni za PS3. Kisha Kratos akahama Ugiriki, akaenda kwa miungu ya kaskazini mwa Ulaya: PS4 mwaka 2018, na Ragnarök ya 2022 kwa PS4 na PS5.

1. PS3 slim iliyotumika

Hii ndiyo nambari moja, na sioni ya kuikaribia. Zile mbili za PS2 zilirudishwa kwenye diski moja ya PS3 inayoitwa God of War Collection, na zile mbili za PSP kwenye Origins Collection. Ongeza ya tatu na Ascension, una Ugiriki yote sita kwenye mashine moja, kwa waya wa HDMI, picha safi. PS4 haisomi diski hizi hata ukiipigia magoti.

Chukua slim (zilianza 2009) au ile ndogo zaidi ya 2012 yenye kifuniko cha kuteleza juu. Yale mabonge ya mwanzo yaepuke, hata muuzaji akikuambia yanasoma na diski za PS2. Ni kweli baadhi yanasoma, lakini ndiyo yanayosifika kwa ugonjwa wa taa ya njano: unawasha, inawaka kijani, inamulika njano, inaishia nyekundu inayopepesa, na safari imeishia hapo.

Ugonjwa huo, na wa joto kwa ujumla, hauonekani dakika tano za kwanza. Mimi niliinunua yangu karibu na Majengo, na mazungumzo yalikwenda hivi:

"Kaka, hii imetoka kwa mtu jana tu, haina shida."

"Sawa, iwashe tukae nayo nusu saa."

"Nusu saa? Bosi wangu, si utanimalizia umeme."

Nilikaa. Ya kwanza ilizima dakika ya kumi na nane, feni ikilia kama mashine ya kusaga. Akanyamaza, akatoa nyingine chini ya meza. Hiyo ndiyo ninayo mpaka leo. Nenda na diski yako mfukoni, usikubali kujaribishiwa gemu iliyo ndani tu, maana lenzi mbovu haijulikani mpaka imeze diski.

Padi nayo ijaribu kwa namna ya gemu hii, si ya mpira. Bonyeza vijiti vyote viwili kwenda chini kwa pamoja: hivyo ndivyo hasira ya Kratos inavyowashwa kwenye zile za mwanzo, na padi bandia nyingi hapo huwa kama hujazigusa. Kisha kipige kitufe cha duara harakaharaka mara ishirini. Ukiona kinanata, iache padi hiyo.

Utauziwa pia "iliyojazwa gemu ishirini". Ni za kukopi, na siku ukilazimika kuifomati zote zimekwenda. Diski halisi ukiimaliza unaiuza.

2. PS4

Ukitaka ya 2018, utaipata hapa, na ya tatu iliyosafishwa upya (2015) ipo pia. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu. Kuna mahali katika ya 2018 ambapo Kratos anarudi nyumbani, anafunua mbao za sakafu na kutoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Aliyeanzia PS4 anaona silaha mpya. Aliyeanzia 2005 anaweka padi chini. Sitasema zaidi.

Nunua kwa diski. Tanzania haimo kwenye nchi za duka la mtandaoni la Sony, kwa hiyo wengi hufungua akaunti ya nchi nyingine na kuhangaika na kadi za malipo. Ragnarök ya PS4 ni diski mbili. Fungua kasha uhesabu kabla hujatoa hela. Ukiagiza Kariakoo na mzigo uje kwa basi, mwombe anayekutumia apige picha ya zote mbili.

3. Simu uliyonayo

Programu ya PPSSPP ni ya bure na inazibeba zile mbili za PSP vizuri kwenye Android ya kawaida. Kwa kuonja kabla ya kutumia hela, inatosha kabisa. Ila vidole vinafunika nusu ya vita.

4. PS2

Bei yake inavutia, na moyo wangu uko huko kwa sababu ya lile banda. Lakini God of War II ilikaa kwenye DVD ya tabaka mbili, na lenzi iliyochoka mara nyingi hukwama kwenye tabaka la pili. Picha kwenye TV ya flati inatoka na ukungu. Na ukiipata, geuza mgongo usome: zipo za Marekani zilizoandikwa 120V, ambazo soketi yetu ya 230V inaweza kuziunguza.

5. Kompyuta

Ya 2018 ilifika kompyuta mwaka 2022, inadai GB 70 na kadi ya picha ya daraja la GTX 960 angalau. Ragnarök, iliyofuata 2024, inataka GB 190 za SSD, ile hifadhi ya ndani yenye kasi. Ile laptopu ya ofisini haiwezi, na kifurushi chako cha intaneti pia.

Yoyote utakayochagua, usiiweke sakafuni, vumbi la kiangazi hapa linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wala usiiwashe sebuleni watoto wakiwa macho, au mama mkwe akiwa amekuja. Damu ni nyingi na nguo ni chache. Na tenga hela ya gadi ya umeme, ile ile ya friji. Gemu nyingi za Ugiriki hazijihifadhi zenyewe, mpaka ufike kwenye mwale wa mwanga uhifadhi kwa mkono wako. Mimi umeme ulikatika nikiwa nauona kabisa, ng'ambo ya daraja, baada ya saa nzima.