Uzoefu wangu na kisu cha mpini wa padauki: picha ya machungwa, kisu cha kahawia

Kisu ninachokizungumzia ni cha kukunja, cha toleo dogo kutoka kiwanda kimoja cha Ulaya, kila kimoja kimegongwa namba yake kwenye bapa. Bapa ni la chuma cha Sweden kiitwacho 12C27, chenye kromu ya asilimia 13.5 hivi, hakishiki kutu ovyo na kinakubali jiwe la kawaida la kunolea. Mpini ni wa mti wa padauki. Nilikinunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayetangaza bidhaa zake mtandaoni, Sh 185,000 pamoja na gharama ya kukituma kwa basi hadi Tabora. Sitamtaja jina kwa kuwa tulimalizana vizuri, na ninachotaka kusema kinawahusu wauzaji wengi, si yeye peke yake.

Kwenye tangazo mpini ulikuwa wa rangi ya machungwa iliyokolea, inayoelekea wekundu, na nyuzi za mti zinaonekana moja moja. Nilichokitoa kwenye boksi kilikuwa kahawia. Si machungwa yaliyofifia, wala si wekundu uliopoa. Kahawia kabisa, ile ya kiti cha mninga kilichokaa sebuleni miaka mingi. Nilitoka nacho nje, nikasimama kivulini chini ya mwembe, maana ndani ya ofisi ya mizigo taa zina mwanga wa kibuluu na sikutaka kukihukumu kwa taa. Nje pia kikabaki kahawia.

Najua wapo watakaosema kisu ni makali, rangi ya nini? Kwa anayenunua kisu cha kumenyea muhogo, nakubaliana naye. Kwa mkusanyaji haitoshi. Visu vyangu navipanga kwa mipini yake. Nina Opinel, kisu cha Kifaransa cha mti mweupe wa Ulaya, kile chenye pete ya kufungia bapa iliyobuniwa mwaka 1955. Nina cha mpingo, cha mzeituni na cha pembe ya ng'ombe. Kilichokosekana kwenye safu ni wekundu wa machungwa. Makali ningeyapata sokoni kwa Sh 10,000. Fedha iliyobaki yote niliilipia rangi na ile namba iliyogongwa.

Kabla ya kumwandikia muuzaji nilitaka kujiridhisha kwamba tatizo si simu yangu. Hatua hii wanunuzi wengi wanairuka. Simu za kioo cha AMOLED hupenda kukoleza rangi, hasa nyekundu na machungwa, na nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa kwenye rangi kali. Ukiingia kwenye mipangilio ya skrini unaweza kuchagua rangi za asili. Halafu kuna ule mwanga wa usiku unaowashwa ili macho yasichoke: unapunguza buluu, na picha nzima inaelemea njano. Anayechagua bidhaa saa nne usiku akiwa kitandani anaona kila mbao imeiva kuliko ilivyo.

Basi nikafungua tangazo lile kwenye simu yangu, kisha kwenye simu ya binti yangu, kisha kwenye kompyuta ya jirani mwenye steshenari. Simu ya binti yangu iliyakoleza yale machungwa, kompyuta ikayapausha kidogo. Hakuna kioo hata kimoja kilichoonyesha kahawia. Kamera nayo ina mambo yake: chini ya taa ya njano hujaribu kuurudisha weupe mahali pake, na ikikosea, mti mwekundu hutoka wa machungwa au wa waridi. Ila tofauti za namna hiyo ni za kukolea na kupauka. Hapa tulikuwa tumetoka rangi moja tukaingia nyingine.

Mimi ni seremala, kazi yangu kubwa hapa Isevya ni samani za mninga, kwa hiyo jibu nililipata kwenye mbao na si kwenye simu. Padauki ni ndugu wa mninga. Padauki ya kisu hiki hukatwa Kameruni, Gabon na Kongo, na jina lake la kitaalamu ni Pterocarpus soyauxii. Mninga wetu ni Pterocarpus angolensis. Mkurungu, ule mwekundu wa miombo ya huku magharibi, ni Pterocarpus tinctorius. Ukoo mmoja. Aliyewahi kuuchanja mninga ameuona utomvu wake mwekundu, na aliyewahi kuuranda anajua kwamba mbao iliyotoka kwenye msumeno leo haitakuwa na sura ile ile ukiikuta kwenye kabati mwakani. Padauki imezidi ndugu zake wote kwa hilo. Ikipasuliwa ina machungwa yanayong'aa kiasi kwamba asiyeijua hudhani imepakwa rangi. Kisha mwanga, hasa miali ya urujuanimno iliyomo kwenye jua, pamoja na hewa, huibadilisha rangi iliyomo ndani ya mti wenyewe. Machungwa huwa mekundu, wekundu huwa kahawia, na mwisho wake ni kahawia yenye zambarau kwa mbali. Vanishi huchelewesha tu.

Niseme na hili, kwa kuwa watu wa huku linatugusa: ukoo huo sasa unalindwa. Mkurungu uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2019, na mwaka 2022 nchi wanachama wakaamua kuongeza ndugu zake wote wa Afrika, mninga na padauki wakiwemo. Kipande kidogo cha mti huo kilichotengenezwa kwa uangalifu nakithamini kuliko meza nzima iliyopigwa harakaharaka.

Hadi hapo nilikuwa tayari kuyaacha yapite. Mti ni wa kweli, picha ni ya kweli, muda umepita katikati. Kilichobadilisha mambo ni kibandiko.

Ubavu mmoja wa mpini ulikuwa na kibandiko kidogo cha bei, cha mstatili, kingo zake zimekauka. Nilikidondoshea mafuta ya kula, nikasubiri yaloe, nikakibandua kwa ukucha ili nisiikwaruze vanishi. Chini yake palikuwa na mstatili wa machungwa. Machungwa yale yale ya kwenye picha, yamenyooka kingo zote nne, katikati ya kahawia. Nikafungua kisu nikachungulia mfereji linamolala bapa: huko ndani nako, mahali ambapo mwanga haufiki, mti bado una wekundu wake. Nikalinganisha mbavu mbili. Ule wenye kibandiko ulikuwa umeiva kuliko wa pili.

Ukivipanga vitu hivyo vinasema habari moja. Mpini ulitoka kiwandani ukiwa kama ulivyopigwa picha. Kibandiko kilibandikwa ukiwa bado mbichi, halafu kisu kikalazwa kwa ubavu mmoja, bei ikiangalia juu, kwenye mwanga, kwa muda mrefu. Nalo tangazo lilisema ni "kipya, hakijawahi kutolewa kwenye boksi".

Hapo ndipo malalamiko yangu yalipohama. Mti kubadilika rangi simlaumu mtu. Kuambiwa kisu hakijatoka kwenye boksi wakati mpini wenyewe unaonyesha ulikokaa, hilo nalilaumu, na nadhani kila mkusanyaji ana haki ya kulilaumu.

Nikaupiga picha ule mstatili nikamtumia muuzaji. Kijana alijibu kwa adabu.

"Shikamoo mzee wangu. Pole sana. Unajua mti wa asili hubadilika, na ile picha ni ya kiwanda, sisi tunaiweka kama ilivyo. Ukipiga msasa mwepesi inarudi machungwa kabisa."

Kuhusu msasa alisema kweli, na ndiyo sababu nilikataa. Msasa namba 400 ungeiondoa kahawia ndani ya muda mfupi. Ungeondoka pia na vanishi ya kiwanda. Kisu hiki kina ribiti za shaba ya njano zilizosawazishwa na mti hivi kwamba ukipitisha kidole huhisi mpaka. Mti ni laini kuliko shaba, kwa hiyo msasa huula mti kwanza na ribiti zikabaki zimechomoza. Atakayekishika baadaye akiwa na jicho la kujua atatambua kimeguswa, na thamani itashuka papo hapo. Na baada ya yote hayo padauki itaanza upya safari yake ya kwenda kahawia. Nisugue tena?

Nikamwandikia: "Marahaba mwanangu. Kwamba mti hubadilika sibishi, mimi ni seremala. Nauliza kimoja tu: kisu hiki kilikaa wapi?"

Alinyamaza hadi jioni. Kisha akaandika kwamba kilikuwa cha maonyesho kwenye kabati la kioo dukani, boksi lake likiwa limehifadhiwa kando, na kwamba aliyeandika tangazo hakulijua hilo. Namheshimu kwa kusema. Angeweza kuendelea kukana, nami nikiwa Tabora ningefanya nini? Alikuwa tayari kukipokea na kurudisha fedha yote, ila gharama ya kukirudisha Dar iwe juu yangu. Hilo sikulikubali. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na "hakijawahi kutolewa kwenye boksi" ni maelezo. Kwa maoni yangu aliyetoa maelezo yasiyolingana ndiye wa kubeba nauli ya kurudi. Mwisho tukakubaliana nibaki na kisu naye anirudishie Sh 40,000. Fedha iliingia kwenye simu kabla sijalala.

Sasa kisu chenyewe, maana hii ni tathmini na kisu hakina kosa. Bapa hufunguka kwa ukucha bila kukwama, likifika mwisho hugota mara moja na halichezi kushoto wala kulia. Mgongo wa springi umekaa sawasawa na mti, kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, jambo linalohitaji fundi makini kwa sababu springi hupanda na kushuka. Makali ya kiwandani yalikata karatasi ya gazeti kwa mkupuo bila kuichana. Kilainishi cha pale bapa linapokunjia kilikuwa kimeganda, nacho ni ushahidi mwingine wa kukaa muda mrefu. Tone moja la mafuta ya cherehani lilimaliza kazi. Mpini unajaa kiganja, na ncha zake zimeviringwa vizuri.

Ule mstatili nimeuacha. Kisu nimekiweka mahali penye mwanga wa wastani, ubavu wenye alama ukiwa juu, ili mti uendelee kujisawazisha wenyewe. Kwenye safu yangu nafasi ya machungwa bado iko wazi.

Anayetaka machungwa yatakayodumu asinunue padauki, hata iwe imetoka kiwandani juzi. Atafute mpini wa G10, ile nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, ambayo rangi yake haitegemei mti. Mfupa uliotiwa rangi ni mzuri pia, na viwanda kama Case cha Bradford, Pennsylvania, Marekani, kilichoanza mwaka 1889, vimejijengea jina kwa mipini ya namna hiyo, lakini mfupa haunywi rangi kwa usawa: penye msongamano hunywa kidogo, penye vitundu hunywa sana. Mipini miwili ya fungu moja haifanani, hata mbavu mbili za kisu kimoja hazifanani. Hapo picha ya kiwanda inakuonyesha jamii ya rangi tu.

Kwa hiyo mimi sasa siagizi kwa picha ya kiwanda. Namwomba muuzaji picha ya kisu kile kile nitakachotumiwa, namba yake ikionekana, mbavu zote mbili, kimewekwa juu ya karatasi nyeupe nje kivulini na si juani, pembeni pana noti ya Sh 10,000 isiyochakaa. Karatasi ikionekana ya njano au ya kibuluu, ujue kamera imepotosha na mti umepotoshwa pamoja nayo. Noti ni kwa sababu wekundu wake kila mtu anaujua, na unayo yako mfukoni: ishike kando ya simu, linganisha. Ikiwa noti ya kwenye picha imekolea kuliko ya mkononi, punguza na rangi ya mpini kwa kiasi hicho kichwani mwako. Halafu uliza wazi kilikuwa kinahifadhiwa wapi. Kwa mbao za ukoo wa mninga swali hilo lina uzito kuliko bei.

Kisu nakipa nyota nne na nusu kati ya tano. Muuzaji nampa tatu. Angepata mbili kama asingesema ukweli alipoulizwa. Tangazo la kisu kingine cha toleo hili bado lipo kwenye ukurasa wake kwa picha ile ile, ila chini ameongeza kwamba mpini umeiva kahawia na kwamba picha halisi hutumwa kwa anayeiomba. Niliiomba nione. Aliituma asubuhi, kisu kiko juu ya karatasi nyeupe, noti ya elfu kumi pembeni.