Kipima udongo cha vijiti viwili: kinunue kwa unyevu, si kwa pH

Kwenye maduka ya pembejeo Kariakoo hakikosekani: kichwa cha kijani, vijiti viwili vya chuma, na swichi ya kuchagua unyevu, mwanga au pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali). Hakitumii betri, na wauzaji hukisifia kwa hilo. Ubovu wake nao umeanzia hapohapo.

Vijiti ni vya metali mbili tofauti. Vikiingia kwenye udongo wenye maji huzalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosukuma mshale. Kifaa hakipimi tindikali, kinapima umeme, ambao hutegemea sana maji na chumvi. Kichomeke kwenye mchanga mkavu wa Kigamboni, mshale utabaki upande wa 7 na 8, palepale unapokaa kikiwa mezani. Mwagia maji ya kisima yenye chumvi, mshale unaelekea upande wa tindikali wakati udongo ni uleule.

Kosa hili ni la gharama. Mkulima wa mchicha anasoma 5.5, anamwaga chokaa kupunguza tindikali. Sehemu za pwani zenye mawe ya matumbawe, udongo tayari una chokaa ya asili. Ukiizidisha, mmea unashindwa kupata madini ya chuma: majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi hudhani ni njaa ya naitrojeni, wanaongeza urea, na mboga haibadiliki. Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini, yaliyokomaa. Kagua hilo kabla ya kufungua mfuko. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu nayo huyeyuka vizuri penye tindikali, kwa hiyo pH ya uongo inakuchagulia mbolea isiyofaa.

Kwa unyevu, kifaa kinafaa kweli, hasa kwa mboga za kwenye viroba, ambako juu pamekauka na chini pametota, mizizi inaoza bila mtu kujua. Zamisha sentimita 10, bana udongo kuzunguka vijiti (hewa ikibaki, kinasoma ukavu), subiri dakika moja, rudia sehemu tatu. Ukimaliza futa vijiti, usikiache ardhini. Utando mweusi ukijitokeza, usugue kwa msasa laini. Penye mawe, toboa kwanza kwa kijiti cha mti. Kumbuka tu kwamba udongo wenye chumvi utaonekana mbichi kuliko ulivyo.

Kwa pH, nunua karatasi za kupimia. Gramu 20 za udongo mkavu uliochekechwa, mililita 50 za maji safi ya kuongezea kwenye betri (soma lebo vizuri, asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo), koroga, acha nusu saa, chovya karatasi kwenye maji ya juu yaliyotulia.

Kabla ya kununua chokaa kwa shamba zima, peleka sampuli maabara. SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), Morogoro, na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, wana wataalamu wa udongo. Chota sehemu 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, ukikwepa palipolundikwa samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kwani ndoo ya bati huchafua sampuli kwa zinki. Chukua nusu kilo, anika kivulini. Majibu yakija, uliza pH ilipimwa kwenye maji au kwenye kloridi ya kalsiamu, kwa sababu njia hiyo ya pili kwa kawaida husoma chini zaidi.