Waliniahidi maoni ya siri, wakayasoma mbele ya meza nzima

Sijui niupe nyota ngapi mkahawa huu wa michezo ya mezani hapa Nairobi. Nilianza na mbili, nikafuta. Kahawa, viti na bei ya meza mtavijua wenyewe mkifika. Mimi nina neno moja tu: lile sanduku lao la maoni.

Naendesha kampeni, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, ya Dungeons & Dragons kwa wachezaji watano, yapata mwaka sasa: mimi nasimulia na kuwachezesha maadui, nao kila mmoja anacheza mhusika wake, dadu zikiamua nani amefaulu. Kila tukimaliza nawauliza imekuwaje, nao hujibu, "Iko poa." Wiki nenda wiki rudi, iko poa. Siwalaumu. Wanajua nimekesha nikichora ramani, na nani atamtazama mwenyeji usoni amwambie chakula hakina chumvi? Tulijaribu hata ule utaratibu wa kila mtu kutaja jambo moja lililompendeza na moja analotamani. Wakatamani dhahabu na joka. Kadi ya X nayo iko mezani siku zote, lakini ile ni ya kusimamisha jambo linalomuumiza mtu. Hakuna atakayeigusa kusema amechoshwa.

Kwa hiyo mkahawa uliponiambia una fomu zisizo na majina, zinatumbukizwa sandukuni, kisha mimi napewa majibu yaliyochapwa upya, nilifurahi kweli. Maswali ni matatu tu, na moja lilinishika: "Ni wakati gani ulichukua simu yako?" Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa "iko poa".

Sasa sikieni. Tulikuwa bado tumeketi, dadu ziko mezani. Kijana wa kaunta akaja, akafungua sanduku palepale, akachomoa karatasi na kuisoma kwa sauti huku akicheka: "Vita vya makaburini. Nilingoja sana zamu yangu. Ilipofika nikarusha dadu mara moja, nikakosa, nikarudi kwa simu."

Karatasi iliandikwa kwa wino wa kijani. Kalamu ya kijani mezani ilikuwa moja, mkononi mwa binti anayemcheza mganga wetu. Akaiweka chini polepole, akaifunika kwa karatasi ya mhusika wake.

Nikamwambia yule kijana, "Ndugu yangu, hizo ni za siri."

"Boss, si ni mchezo tu?"

Mchezo tu! Mtoto wa watu alikusanya vitu vyake bila kuaga, na hadi leo hajarudi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba alichoandika binti yule kilikuwa kweli. Kwa kanuni, raundi moja ya vita ni sekunde 6 za hadithi. Vile vilikuwa raundi nne, yaani sekunde 24, nasi tulivipigana karibu saa mbili, kwa kuwa nilileta mifupa hai kumi na miwili na kila mmoja nikamrushia dadu yake. Wiki iliyofuata nilirusha mara moja kwa kundi zima, na anayefuata nikamtaka awe tayari kabla hajaitwa. Vita vikaisha chai ikiwa bado ya moto. Mistari mitatu ya kijani imenifunza kuliko "iko poa" za mwaka mzima. Kwa swali lile peke yake wanastahili nyota nne, na nilikuwa nimeshaziweka.

Lakini kiti cha mganga kiko wazi. Nimemwandikia kuomba radhi, meseji imesomwa, jibu hakuna. Meneja naye ananiambia "tutaongea na kijana", basi. Nilitaka kuzitoa zote nne. Nimeacha moja, kwa sababu hairuhusiwi kuacha sifuri.

Nanyi wa mkahawa, karatasi nne zimebaki sandukuni. Msizichape, msizisome. Zitieni kwenye bahasha mbele yangu, muifunge, niwapelekee wenyewe waamue kama bado wanataka nizione.