Begi la kamera: lipi ubebe, lipi uliache dukani

Watu wengi wakienda kununua begi la kamera wanauliza kwanza linaingiza vitu vingapi. Mi naona hilo swali lije huko mbele. Cha kwanza jiulize hivi: uko ukumbini, watu wamekuzunguka, MC keshaita keki, je unaweza kutoa lenzi ya pili ukiwa umesimama bila kuliweka begi chini? Kama haiwezekani basi hilo ni begi la kutunzia vifaa nyumbani, sio la kazi. Cha pili ni bega lako litakuwaje saa sita usiku wakati bado watu wanacheza na wewe unatakiwa ushuti mpaka maharusi waondoke.

Na kabla hujaangalia begi lolote, pima mzigo wako, hata mzani wa muuza mchele unatosha. Kamera ya Canon 5D Mark IV na betri yake ni gramu 890, weka lenzi ya 24-70 f/2.8 L II gramu 805, weka lenzi ndefu ya 70-200 f/2.8 L IS II ambayo peke yake ni karibu kilo moja na nusu, hapo ushavuka kilo 3 na hatujagusa flashi, betri za spea, chaja wala maji ya kunywa. Ukiwa na mirrorless (kamera isiyo na kioo ndani) unapumua kidogo, Sony A7 III ni gramu 650 na lenzi yake ya 24-70 GM II ni 695. Kwa hiyo begi ambalo mwenzako wa Sony analisifia laweza kukukata bega wewe wa 5D, na wote mko sahihi.

Nimeyapanga mabegi kuanzia linalofaa zaidi, nikimfikiria mtu anayeshuti harusi, sendoff, matukio na mtaani, anayepanda daladala, mwendokasi na boda. Mwenye gari lake ajiongeze.

1. Begi la kuvuka kifuani (sling)

Hili ndo la kwanza, sina ubishi. Unalivaa kwa kulivusha mwilini, likiwa mgongoni halikusumbui, ukitaka kitu unalivuta linakuja mbele linakaa tumboni, unafungua, unabadili lenzi juu yake hapohapo, ukimaliza unalirudisha nyuma. Begi halijagusa chini na mkono mmoja muda wote umeshika kamera. Kwenye kivuko au daladala unaliacha mbele, unalikumbatia na safari inaendelea.

Ila sio kila sling ni sling. Dukani livae, lilete mbele, fungua zipu halafu angalia kifuniko kinaangukia wapi. Kikifungukia nje, kuelekea kule unakoangalia, mkono unaingia moja kwa moja na unaona vitu vyote, lakini kikifungukia kifuani kwako kila ukitaka lenzi utakuwa unapigana na kifuniko kwanza. Kingine ni mkanda, uwe mpana kama vidole vitatu au vinne na uwe na sponji pale unapokaa begani, na uweze kuurefusha na kuufupisha kwa mkono mmoja, maana ukitembea unataka begi libane mwili na ukishuti unataka lilegee.

Peak Design Everyday Sling ndo wengi wanalijua, la lita 6 linatosha bodi moja (kamera bila lenzi) na lenzi mbili ndogo, la lita 10 ni la mtu wa harusi. Ni zuri kiasi kwamba Amazon walilitolea la kwao linalofanana nalo mpaka jina, na 2021 Peak Design wakatoa video ya kuwacheka. Kopi zake zipo nyingi tu na mi sina tatizo na kopi, mradi zipu iwe inateleza hata kwenye kona. Zipu ikigoma kwenye kona begi likiwa tupu, likijaa itakufia mkononi.

Kasoro yake ni uzito. Ukizidisha kilo 3 hivi bega moja linaanza kulalamika na usiku mzima hutoboi. Hapo hamia namba 2.

2. Begi la mgongoni linalofunguka ubavuni

Mabega yote mawili yanabeba, na ukitaka kamera unatoa mkono mmoja kwenye mkanda, begi linazunguka linalala ubavuni kwako, unafungua zipu ya pembeni na kamera iko hapo inakuangalia. Ni polepole kidogo kuliko sling lakini kwa mtu mwenye bodi mbili na 70-200 hakuna njia nyingine ya maana. Peak Design Everyday Backpack lipo la lita 20 na la lita 30 na linafunguka pande zote mbili, bei yake inakaribia dola 300 kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo Lowepro Fastpack ni la kuangalia kabla hujauza ng'ombe.

Hapa kagua vitenganishi vya ndani. Vile vya velkro dhaifu vinaachia ukililaza begi ubavuni, lenzi ya juu inashuka kumsalimia mwenzake wa chini. Weka vitu, lilaze, litikise, fungua uone. Alafu lenye milango miwili uwe na tabia ya kuufunga mmoja moja kwa moja na kusahau kama upo, maana unafungua kushoto huku kulia kuko wazi, lenzi inatoka bila kuaga. Na kwenye mwendokasi zipu zake zinaangalia abiria wenzako, sio wewe. Vichwa viwili vya zipu vifunge pamoja kwa karabina ndogo (ile klipu ya chuma), kibaka anataka kitu cha sekunde mbili, ukimpa kazi anaachana na wewe.

3. Begi lako la kawaida na kiboksi cha sponji ndani

Najua wengine watashangaa kuliona hili juu ya mabegi yenye majina. Unachukua begi zuri la mtumba, unanunua kile kiboksi cha sponji chenye vitenganishi, au unampa fundi mabegi vipimo na godoro jembamba gumu anakushonea, unakitumbukiza ndani. Gharama ndogo, na kwa nje hakuna anayejua una kamera. Mabegi mengi ya kamera yanajitangaza yenyewe, na ukitembea nalo Kariakoo au River Road ya Nairobi ni kama umevaa bei ya kamera shingoni.

Kasi ndo haina, unachimbua kutokea juu. Kwa anayeanza, au anayeshuti sehemu moja kwa utulivu, hela inayobaki anunue betri ya pili.

4. Begi la bega moja

Baba wa haya ni Domke F-2, Jim Domke alikuwa mpiga picha wa gazeti Philadelphia huko Marekani miaka ya 1970, akatengeneza begi la turubai lisilo na masponji mengi, linalojikunja kufuata nyonga. Mpaka leo linauzwa. Kwa kasi hakuna begi linaloligusa, kifuniko kikiwa nyuma mkono unashuka tu na kutoka na lenzi. Shida bega ni lilelile siku nzima, na ukiinama kumpiga picha mtoto wa maua begi linakuja mbele kukupiga goti. Anayetembea sana asilichukue.

Kama utashuti kanisani au kwenye nikaha angalia kifuniko kinafungwaje. Ile kraaa ya velkro wakati watu wamenyamaza wanasikiliza viapo itageuza vichwa vyote. Think Tank Retrospective wameweka kitambaa cha kuizima velkro, ukitaka unaifunika inakaa kimya. Kadogo hako lakini nakapenda sana.

5. Begi linalofunguka upande wa mgongoni

Kwa usalama ni namba moja, kwa kasi ni la mwisho. Mlango umegandana na mgongo wako, hata boda ikisimama kwenye foleni hakuna wa kukufungulia. Lowepro Flipside lina ujanja mmoja, ukiwa umefunga mkanda wa kiunoni unatoa mabega, unalizungusha mbele, unalifungua likiwa linaning'inia kiunoni kama meza. Ujanja unafanya kazi begi likiwa jepesi, likiwa na kilo 6 utaona aibu. Mi ningelitumia kwa safari, na mtu wa mbugani anayepanda ndege ndogo akumbuke kampuni nyingi za ndege hizo zinakupa kilo 15 kwa mizigo yote na zinataka begi laini, sio sanduku gumu.

Rangi nayo sio urembo. Mbung'o wanapenda bluu iliyokolea na nyeusi, mitego yao yenyewe ni ya rangi hizo, kwa hiyo wa Tarangire na Serengeti chukua khaki au kijivu. Ila yale yenye madoa ya kijeshi achana nayo kabisa, hutaki kuanza kujieleza kwa askari.

Mvua: hakikisha lina kava lake la mvua. Zamani ungeomba rambo (mfuko wa plastiki) dukani ukafunika kamera, tangu Juni 1, 2019 hakuna rambo Tanzania, na Kenya walizipiga marufuku 2017. Na kwa wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, begi likilowa usilifunge ukalisukumia chini ya kitanda na lenzi zako ndani, sponji inashika unyevu siku kadhaa na fangasi wa lenzi wanataka hichohicho. Toa kila kitu, acha begi wazi kwenye feni mpaka sponji za chini zikauke kabisa, ndo urudishe vifaa na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.