TAHADHARI: Winga wa spea Gerezani kanipiga, na kabureta yangu nzima kaondoka nayo

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Ndiyo, ni mimi. Yule yule anayewaambiaga kila siku msinunue spea kwa winga, yaani dalali asiye na duka. Cheka kwanza, ukimaliza soma.

Gari ya mzee mnaijua, ile Nissan Sunny B13 yenye injini ya GA15DS. Ikaanza vituko vya sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. Asubuhi ikiwa ya baridi inanguruma vizuri kabisa. Ikishapata moto mshale wa mzunguko unapanda, unashuka, 900, 500, 900, halafu ukifika taa za Buguruni inazima na bodaboda wote nyuma wanakutukana. Plagi nilishabadilisha, koili pia. Kila fundi akifungua boneti na kuona kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) yenye soketi na nyaya, anaishusha polepole kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mwenzake.

Jumamosi nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea. Kijana kanipokea hata mlango wa gari sijafunga. Msafi, shati kachomekea, pete ya ndoa kidoleni. "Shikamoo mzee." Nina miaka 42, lakini ile shikamoo ililainisha kitu. Hakuniuliza nataka nini. Alisikiliza injini kama nusu dakika, akasema, "Hii ni kabureta ya kompyuta, mzee. Mafundi wengi wanaiogopa."

Hapo ndipo aliponikamata, maana ni kweli! Kabureta hii si ya kuzungusha bisibisi ukaondoka. Kuna solenoidi, vali ya umeme inayofungua na kufunga hewa kwa amri ya kontrolboksi, ndiyo kompyuta ya injini, na kontrolboksi nayo inasikiliza sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi. Alinipangia yote hayo, hakukosea hata kimoja. Mtu anayejua hivyo utamshuku vipi? Mimi nilimwona ndiye fundi niliyekuwa namtafuta miezi miwili.

Akatoa simu, akanionyesha video. Gari ya mteja wa jana, eti, kabureta kama hii aliyonayo. Injini inanguruma, juu ya kava kuna kikombe cha chai, na chai haitikisiki. Nikakikodolea macho kile kikombe. Hata nikamwomba anirushie ile video nimwonyeshe shemeji. Tangu siku hiyo nimeirudia labda mara 20, na nyuma ya kikombe kuna injekta nne zimejipanga kama wanafunzi paredi. Gari ya injekta! Hiyo ni GA15DE, haina kabureta hata ya dawa. Herufi ya mwisho tu: S ni kabureta, E ni injekta. Nimewafundisha wangapi hilo?

Bei 280,000. Nikalia. Akajikuna kichwa, akasema, "Basi niachie hiyo mbovu yako nitoe vifaa, nipe laki na themanini." Nikajiona nimembana.

Wakaifunga palepale pembeni ya ukuta, tochi nimewashikia mwenyewe. Kabureta inang'aa kama sufuria ya harusi. Ilipowaka ikasimama 1,500. Nikauliza mbona iko juu. "Kompyuta bado haijaizoea, mzee. Siku tatu tu, itashuka yenyewe." Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye akili. Kompyuta ya miaka ya tisini mwanzoni! Izoee nini ile?

Jumapili tumeenda Kibaha, harufu ya petroli ndani ya gari mpaka mtoto katapika. Jumatatu simu yake haipatikani. Jumanne nikarudi Gerezani. Mwenye duka tuliyesimama mbele yake ananiambia hamjui, alidhani ni kijana niliyekuja naye. Mimi nilidhani ni kijana wake.

Shemeji kaifungua. Ni kabureta ya kawaida, imepulizwa rangi ya fedha. Ile soketi ya solenoidi imegandishwa kwa gundi, ndani waya mbili zinaishia hewani. Sailensi ilipandishwa kwa skrubu tu ili isizime kabla sijatoka pale.

Na hili ndilo linaloniuma. Shemeji akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira ya vakyumu, ile midogo inayonyonywa na injini, akafika wa nyuma ya manifodi, sauti ya injini ikabadilika. Umepasuka, unanyonya hewa. Injini ikiwa ya baridi choki inaleta mafuta mengi, kwa hiyo huoni kitu. Ikipata moto kompyuta inaanza kuifuata sensa, inaongeza, inapunguza, ndiyo ule mshale kucheza. Mpira wa 3,000. Elfu tatu! Kabureta yangu haikuwa na ugonjwa wowote.

RB ya polisi nimechukua, namba yake ya simu nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli. Lakini mimi hela yangu hata siitaki. Nataka asimamishwe taa za Buguruni saa saba mchana na gari inayozima, aisukume peke yake siku tatu mpaka kompyuta imzoee. Mtu anaamkia watu huku anawaibia! Mwenye mke na watoto, kama wapo.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Wakati natuma hela lilitokea jina la mwanamke, akasema ni la mke wake. Risiti ya EFD, mashine imeisha karatasi. Kung'ang'ania ya zamani, mtu anayeiita mbovu. Na soketi ya solenoidi: ishike uitazame kabla haijafungwa, imeunganishwa kweli au imegandishwa kwa gundi. Ukiona gundi, chukua funguo zako uondoke. Nililijua hilo, ila mikono ilikuwa na tochi.

Kabureta yangu sasa hivi iko sokoni, labda inauzwa kwa mmoja wenu. Skrubu ya mchanganyiko ina alama ya rangi ya kucha, nyekundu, ya mama Neema. Niliipaka mwaka juzi ili nisipoteze pale ilipokuwa imekaa. Ukiiona usiulize bei, nipigie.