Waliomsaidia shemeji kupata chumba Uingereza, nawapa nyota nne

Naandikia wenye ndugu huko. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, alikubaliwa ukimbizi Uingereza mwanzoni mwa 2025, huku nyumbani Mwanza tukachinja kuku kabisa. Kumbe ukishakubaliwa tu hoteli ya waomba hifadhi unatolewa na posho inakatwa, wanakuhesabia siku, kawaida 28, yeye alibahatika kuangukia kwenye majaribio ya siku 56 yaliyoanza Desemba 2024. Ila msiitegemee hiyo, watu wazima walio peke yao walirudishwa kwenye 28 Septemba 2025.

Huduma yenyewe ni ya kashirika kadogo ka watu wa kujitolea, bure. Kiingereza cha shem ni cha kuokoteza so mkalimani nikawa mimi, kwa video ya WhatsApp, niko zangu Mwaloni Kirumba juu ya magunia ya dagaa, makuli wanapiga kelele, na yule dada wa shirika hakuchoka. Cha kwanza alimwambia shem ainue barua mbele ya kamera, akasaka tarehe ya mwisho wa msaada, akaiandika, ndo akaanza maswali mengine. Siku hiyohiyo wakaomba Universal Credit, ile hela ya kujikimu ya serikali yao, maana hela ya kwanza inachukua kama wiki 5 kuingia, ukizubaa unatoka hotelini huna hata mia.

Halafu kibali chao siku hizi kipo mtandaoni, eVisa, mwenye nyumba anataka namba ya kuhakiki. Shem kila akituma wanamkatalia. Dada akaangalia tu akacheka, hii imeanza na W, ni ya kazini, ya kupangisha inaanza na R!! Basi.

Mimi nilikuwa namwambia shem tafuta dalali, si huku ukiwa na kodi ya miezi sita na cha dalali nani anakuuliza ukoo wako, lakini kule wanataka salari slipu, mdhamini na dipoziti. Dipoziti wakamwombea mkopo wa serikali wa wakimbizi, hauna riba.

Nyota ya tano nimeibania kwa hili: hawana nyumba, na hawakusema mapema kwamba kwa sheria ya England mwanaume mzima wa afya asiye na mtoto kwa kawaida hayumo kwenye kipaumbele cha kupewa makazi, halmashauri inamsaidia kutafuta tu, kumpa pa kulala si lazima. Shem alikaa akisubiri funguo za halmashauri wakati angekuwa anasaka chumba cha kushea. Iliniuma sana hiyo. Na wikendi simu hazipokelewi.

Chumba alipata siku zikiwa zimebaki za kuhesabu, jiko wanachangia na Waeritrea. Kama ndugu yako lugha inampiga chenga muulizie mapema kama wanaruhusu mtu wa kumtafsiria kwa simu, hawa waliruhusu, ila bando ni juu yako na video inakula balaa.