Siga nyembamba: chagua kwa jani la juu, kisha uwe na subira

Miaka mingi nilinunua siga nene, kwa sababu ukiishika ya geji 54 (geji ni kipimo cha unene) unaona pesa yako imefika mkononi. Kisha mzee mmoja wa mtaani kwetu akanipa lancero mbili, siga ndefu nyembamba, zilizotoka safarini, akaniambia, "Mwanangu, hizi usiziguse leo. Ziweke kwanza." Ya kwanza niliivuta jioni ileile, ikawa chungu kama mwarobaini. Ya pili niliiacha wiki sita. Tangu hapo sijarudi kwenye nene.

Siga ni tumbaku tupu iliyoviringishwa: ina majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la juu, lile unaloliona na kuligusa kwa midomo. Geji moja ni sehemu ya 64 ya inchi, kwa hiyo lancero ya geji 38 ina upana wa milimita 15 hivi, na urefu wake huwa inchi 7 hadi 7 na nusu. Ukipiga hesabu utaona kwamba, kwa kiasi kilekile cha majani ya ndani, siga ya geji 38 inakupa jani la juu zaidi kwa takriban asilimia 40 kuliko ile ya geji 54. Ndiyo maana mimi huuliza jani kabla ya kuuliza kampuni.

Kuhusu kuilaza, yaani kuiacha ipumzike kabla ya kuivuta. Siga nyembamba inapoteza unyevu upesi na kuupokea upesi. Ikishapita kwenye ndege, ghala na duka lenye kiyoyozi, nje inakuwa kavu na katikati bado mbichi, au kinyume chake, na moshi wake unachoma ulimi. Sanduku la mbao la gharama si lazima. Kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana linatosha, ukiweka ndani pakiti ya Boveda, ile ya kushikilia unyevu, ya asilimia 65 na kipima unyevu kidogo. Nyembamba zinakaa vizuri kwenye 65 kuliko 69. Kwenye 69 nyingi hukaza mvuto na kuzimikazimika. Kopo liwe jipya. Nililowahi kutumia lilikuwa la iliki, na siga zote sita zikanuka pilau.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine: joto. Mayai ya mdudu wa tumbaku hukaa ndani ya jani bila kuonekana, na joto likizidi nyuzi 24 au 25 huweza kuanguliwa, kisha mdudu anatoboa tundu dogo la duara kama la sindano nene. Weka kopo chumba chenye ubaridi zaidi nyumbani, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Ndugu zetu wa Nairobi wana nafuu ya joto, lakini hewa yao kavu inataka mfuniko ubane kwelikweli.

Nilijaribu majani manne ya juu, na hapa nimeyapanga kuanzia ninalolipendekeza zaidi. Zilikuwa siga tatu kwa kila jani: moja siku ya kupokea, moja baada ya wiki mbili, moja baada ya wiki sita. Ndugu yangu alizivua zile pete za karatasi ili nisijue ninavuta ipi. Kinywani maji tu na kipande cha mkate mkavu, na chakula cha jioni kiwe kimeshaliwa, maana nikotini ya siga juu ya tumbo tupu itakulaza. Moshi ni wa mdomoni, haushuki kifuani. Hata hivyo ni tumbaku, na madhara yake yapo palepale.

Ya kwanza: Habano ya Ecuador. Mbegu ni ya asili ya Kuba, shamba liko Ecuador, ambako mawingu yanalifunika jua muda mrefu na jani linatoka laini bila kutandaziwa kitambaa. Niliyovuta ni Oliva Serie V Lancero, inchi 7 kwa geji 38, majani ya ndani ya Nikaragua. Siku ya kwanza ilikuwa pilipili manga tupu. Wiki ya sita pilipili ilibaki kwenye mivuto ya mwanzo tu, halafu ikaja kahawa iliyokaangwa nyumbani, ile ya kibuli, na mwishoni kakao isiyo na sukari. Hakuna jani lililobadilika hivyo kwa kulazwa. Ukinunua moja tu, nunua hii.

Ya pili: Kameruni. Hili ni jani la Afrika, linalolimwa Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati kutokana na mbegu yenye asili ya Sumatra. Usilichanganye na tumbaku yetu ya Tabora na Urambo. Ile ni aina ya Virginia, ya kukaushwa kwa hewa ya moto isiyo na moshi, kazi yake sigara za pakiti. Sogeza siga ya Kameruni karibu na taa utaona vipele vidogo juu ya jani, kama ngozi iliyosisimka kwa baridi. Ikiungua, vipele vile vinabaki kwenye majivu kama nukta nyeupe. Harufu yake ni karanga za kukaanga na mdalasini kwa mbali. Kwa ladha peke yake ningeiweka juu kabisa. Imeshuka kwa sababu jani ni jembamba mno: ikikauka kidogo hupasuka ukiikata, na za umbo jembamba hazipatikani kila duka.

Ya tatu: maduro. Mara nyingi ni jani la San Andrés, Veracruz, Meksiko, au Broadleaf (jani pana) ya Connecticut, Marekani. Weusi wake unatokana na kuvundikwa kwa muda mrefu na kwa joto, si ukali. Wengi wanaikwepa wakidhani nyeusi ndiyo kali, kumbe ukali unatoka zaidi kwenye majani ya ndani, hasa yale ya juu ya mche yaitwayo ligero. Ladha ni sukari guru iliyoshika chini ya sufuria. Shida ni unene wa jani. Kwenye siga nyembamba linaungua upande mmoja, na wiki mbili hazikutosha hata kidogo. Ukitaka kujifunza, tafuta Padrón Panetela, inchi 6 na 7/8 kwa geji 36. Inatoka kwa jani la kawaida na kwa maduro. Vuta moja leo na nyingine kesho, utaelewa jani la juu linafanya nini.

Ya nne: Connecticut ya kivulini. Hulimwa chini ya mahema ya kitambaa, au Ecuador chini ya mawingu. Davidoff No. 2 (inchi 6 kwa 38) na Macanudo Portofino (7 kwa 34) ziko kundi hili. Krimu, korosho mbichi, nyasi kavu. Ni tamu na ya upole, ila wiki sita hazikuongeza kitu nilichoweza kukitaja. Asiye na pa kuhifadhia aanze nayo.

Za Kuba sikuzipanga. Cohiba Lanceros, yenye urefu wa milimita 192, ndiyo iliyoipa lancero jina lake, lakini bandia ni nyingi mno. Sanduku lenye mfuniko wa kioo, achana nalo hapohapo.

Dukani, iminye siga taratibu kwa vidole viwili kutoka kichwa hadi mguu. Ukikuta fundo gumu, irudishe. Kwenye nyembamba fundo moja linaziba mvuto wote. Angalia pia zimewekwa wapi. Niliwahi kununua tano kwenye duka lililozipanga chini ya kiyoyozi, nne zikapasuka kabla sijaziwasha. Siku hizi nachukua mbili kwanza, naandika tarehe kwenye kikaratasi, nakitumbukiza ndani ya kopo, na kurudi kwa muuzaji baada ya wiki sita.